Majira ya Kuchipua na Saa Mbili za Sinema

Msichana anamwambia mvulana kwamba petali za mcheri huanguka kwa kasi ya sentimita 5 kwa sekunde. Kipimo hicho ndicho kilichoipa jina filamu ya katuni ya Makoto Shinkai ya mwaka 2007. Sasa chukua tawi lililo mita 3 juu ya ardhi, upige hesabu: petali ingehitaji dakika nzima kufika chini. Aliyewahi kusimama chini ya mti unaopukutisha maua anajua kwamba ni sekunde chache tu. Lakini hatuwezi kusema filamu imekosea. Imeweka kwa tarakimu kile ambacho macho ya mtu mwenye mapenzi hukifanya kila siku, nayo ni kuchelewesha.

Karibu karne moja kabla ya hapo, mwaka 1910, Mwingereza Percy Smith alifanya kinyume chake. Alipiga picha za maua moja moja kwa vipindi, akaziunganisha, na watazamaji wakaona tumba likifunguka mbele yao ndani ya sekunde. Mbinu hiyo haijafa. Agnieszka Holland aliitumia mwaka 1993 katika filamu yake ya bustani iliyofichwa nyuma ya ukuta, na mimea ikaonekana ikipasua udongo na kunyoosha shingo mbele ya kamera ya Roger Deakins. David Lean, katika filamu yake ya mwaka 1965 kuhusu daktari mshairi wa Urusi, alivuka majira kwa njia fupi kuliko zote: utando wa barafu kwenye kioo cha dirisha, kisha maua ya narsisi ya manjano. Filamu hiyo, ambayo wengi huikumbuka kwa theluji yake, ilipigwa kwa sehemu kubwa nchini Hispania.

Sinema basi ina saa mbili. Moja huyachelewesha majira ya kuchipua mpaka yasimame, nyingine huyaharakisha mpaka yaishe kwa pumzi moja. Majira yenyewe hayafuati hata moja kati ya hizo. Nadhani hapa ndipo wapenzi wengi wa majira ya kuchipua wanapopotea: wanaazima picha kutoka kwenye filamu bila kuangalia saa iliyozitengeneza, kisha wanakaa nje siku moja ya jua hafifu, wanahisi baridi ya ardhi ikipanda mgongoni, na kuhitimisha kwamba uzuri ule ulikuwa wa uongo. Uzuri si wa uongo. Wametafuta kuchanua katika wiki ya kuchipua.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Wapo watafsiri wanaoyaita majira haya masika, lakini masika ni mvua, na mvua si kisa kizima. "Majira ya kuchipua" ni jina sahihi zaidi kwa sababu limebeba kitenzi ambacho kazi yake iko njiani. Kuchipua ni tumba kuvimba, ganda kupasuka, ncha ya kijani kutokeza. Kuchanua ni hatua ya mwisho, nayo ni fupi. Mcheri wa aina inayopandwa kwa wingi Japani huchukua takriban wiki moja kutoka ua la kwanza hadi maua kujaa mti, kisha hukaa hivyo kwa muda kama huo, na mvua moja yenye upepo hupunguza hata siku hizo. Majira ya miezi mitatu hayawezi kubebwa na wiki mbili za petali. Anayeyapenda kwa ajili ya kuchanua peke yake anaishi siku kumi na nne na kuzingoja nyingine zote kwa kinyongo.

Kuna njia ya kulielewa jambo hili kwa mikono, nayo ni kurudia kazi ya Percy Smith kwa simu. Tafuta tumba la narsisi lililokwisha kuinamisha shingo na kuonyesha manjano kwenye ufa wa ganda. Likiwa bado limesimama wima na ni kijani tupu, utasubiri mno. Weka programu ipige picha 1 kila baada ya dakika 10. Kwa siku 3 utapata picha 432, na zikichezwa 24 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya sinema, utakuwa na filamu ya sekunde 18. Kinachoharibu kazi hii mara nyingi si ua bali mwanga. Jua likiingia na kutoka, filamu humetameta kama taa mbovu. Kwa hiyo ziba dirisha kwa pazia zito, washa taa moja ya LED isiyo na joto, umbali wa nusu mita au zaidi, na usiizime usiku wala mchana. Bonyeza kioo cha simu kwa muda mpaka kifunge fokasi na kiwango cha mwanga, la sivyo simu itajirekebisha kila picha. Acha theluthi ya juu ya picha ikiwa tupu, maana shina litarefuka na ua litapanuka, na watu wengi huishia na ua lililokatwa kichwa. Funga shina kwa uzi kwenye kijiti. Acha simu ikiwa kwenye chaji na uizuie kupokea simu. Mwishoni utakuwa na sekunde 18 nzuri, pamoja na kumbukumbu ya siku 3 ambazo ulipita pale mara ishirini ukatazama na kuona kama hakuna kinachoendelea. Kumbukumbu hiyo ya pili ndiyo yenye thamani.

Matawi yaliyokatwa na kuwekwa ndani yachanue kabla ya wakati yanafundisha somo hilohilo, na hii kwangu ndiyo starehe kubwa kuliko zote ndogo za majira haya. Forsithia (kichaka cha maua ya manjano), mcheri, mtufaha na mlozi wote hukubali. Hata hivyo tawi lina hesabu yake ya baridi: matumba yaliyoundwa mwaka uliopita hulala, na hayaamki kwa joto mpaka kwanza yapate wiki kadhaa za baridi, hasa kati ya nyuzi 0 na 7 za Selsiasi. Kwa forsithia, wiki 6 hivi hutosha. Mtufaha huhitaji zaidi. Ukikata tawi kabla hesabu haijatimia, matumba hukauka kwenye maji bila kufunguka, na mtu hudhani maji yalikuwa mabaya.

Kata matawi ya sentimita 30 hadi 60 siku ambayo hakuna barafu. Chagua yenye matumba mafupi manene ya mviringo. Yale membamba yenye ncha kali ni ya majani. Kata mwisho kwa mshazari, kisha upasue shina kwa kisu kwenda juu sentimita 2 au 3. Kuliponda kwa nyundo, kama inavyoshauriwa na wengi, huvuruga mishipa ya maji na kuacha uchafu unaooza. Yalaze matawi kwenye maji ya uvuguvugu usiku mmoja ili maganda yalainike, halafu yasimamishe kwenye ndoo mahali pa baridi kiasi, nyuzi 15 hadi 18, pasipo jua la moja kwa moja. Badilisha maji kila baada ya siku 2 au 3. Nyunyizia matumba ukungu wa maji kila siku ikiwa hewa ya chumba ni kavu. Forsithia huchanua ndani ya wiki 1 hadi 3, mcheri 2 hadi 4, na kadiri unavyokata karibu na msimu wake halisi ndivyo siku zinavyopungua. Kosa linalojirudia ni haraka: ndoo ikiwekwa kando ya kipasha joto, maua hutoka madogo, yamefifia rangi, na hupukutika baada ya siku mbili. Kosa la pili ni kuweka matawi karibu na matunda yanayoiva, kwa sababu matunda hutoa gesi ya ethilini inayozeesha ua.

Ndani ya wiki hizo za kungoja kuna kila kitu ambacho filamu ya Lean ilikiruka kwa mkato mmoja. Ganda la kahawia linang'aa kabla halijapasuka. Mstari wa rangi unaonekana upande mmoja tu, ule unaotazama dirisha. Ni mambo ya kuangaliwa kwa karibu, kila asubuhi, dakika moja.

Nje, kazi hiyo ina ukoo mrefu. Mwaka 1736 Robert Marsham wa Norfolk, Uingereza, alianza kuandika tarehe za dalili za majira ya kuchipua: ua fulani limefunguka lini, jani la mti fulani limetoka lini, ndege fulani amesikika lini. Jamaa zake waliiendeleza kazi hiyo, kizazi baada ya kizazi, hadi mwaka 1958. Huko Kyoto kumbukumbu za kuchanua kwa micheri zimekusanywa kuanzia karne ya 9, na ndizo zilizowezesha kusema kwamba kilele cha tarehe 26 Machi 2021 kilikuwa cha mapema kuliko vyote vilivyokuwa vimeandikwa hadi mwaka huo. Idara ya hali ya hewa ya Japani haitangazi kuchanua jijini Tokyo kwa kuangalia jiji zima. Wakaguzi huenda kwenye mti mmoja wa mfano katika hekalu la Yasukuni, na maua 5 au 6 yakiwa yamefunguka, imetosha. Kilele hutangazwa asilimia 80 ikifika. Nimevutiwa siku zote na ile namba 5. Mti una maelfu ya matumba, na tukio zima linasimama juu ya maua ambayo mtu anayapita bila kuyaona.

Azima mtindo huo. Chagua mti mmoja, si bustani nzima. Uwe karibu na njia unayopita hata hivyo, maana mti unaohitaji safari utautembelea mara mbili tu. Utazame mara tatu kwa wiki, saa ileile, na uandike mstari mmoja: tarehe, joto, na hali ya matumba kwenye tawi lilelile, ambalo umelifunga uzi. Hesabu, usieleze. "Matumba 14, mawili yameonyesha nyekundu" ni maandishi yenye manufaa kuliko aya nzima ya furaha, kwa sababu mwakani utaweza kuyalinganisha. Na usiruke wiki moja ukidhani hakuna kitu: siku tatu za joto mfululizo huweza kuusukuma mti kutoka matumba mpaka maua. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Halafu kuna mwanga, na hapa sinema inastahili sifa zote inazopewa. Siku ambayo usiku na mchana hulingana, karibu tarehe 20 Machi katika nusu ya kaskazini ya dunia na 22 au 23 Septemba kusini, ndiyo siku ambayo urefu wa mchana hubadilika kwa kasi kuliko siku zote. Katika latitudo ya London mchana huongezeka takriban dakika 4 kila siku, karibu nusu saa kwa wiki. Oslo ni zaidi ya dakika 5. Mtu hahitaji kupenda maua kuona mabadiliko hayo, anahitaji tu kufanya jambo moja kila siku kwa saa isiyobadilika, kwa mfano kufunga kazi na kutazama dirishani, na ndani ya siku kumi giza litakuwa limesogea mbali naye.

Watu husema mwanga wa majira haya ni laini. Kuna jambo halisi nyuma ya neno hilo, lakini si lile linalodhaniwa. Jua la karibu tarehe 20 Machi liko kwenye kimo kilekile na jua la karibu tarehe 23 Septemba. Tofauti kubwa iko kwenye miti: matawi bado ni uchi, na mwanga unafika chini. Kwa sababu hiyohiyo maua ya msituni huwahi kuchanua, yakitumia wiki chache kabla majani ya juu hayajafunga dari. Mpigapicha anayejua kazi yake huweka kamera dhidi ya jua, tawi likiwa katikati, ili jani changa lipitishe mwanga badala ya kuurudisha. Jani likiwa na siku chache tangu litoke ni jembamba na lina rangi ya kijani inayoelekea manjano. Wiki tatu baadaye limekuwa nene, na hila hiyo haifanyi kazi tena. Jaribu mwenyewe: simama mashariki ya mti jioni, utazame magharibi kupitia majani. Muda mzuri ni jua likiwa chini ya nyuzi 6 juu ya upeo. Kwenye latitudo ya 50, siku za Machi, muda huo ni kama dakika 37. Kwenye ikweta ni dakika 24 tu, kwa kuwa jua huzama wima.

Mwanga huohuo wa chini ndio unaofichua madirisha machafu, na kuyaosha ni starehe ambayo filamu haijawahi kuitendea haki. Fanya kazi hiyo siku ya mawingu. Jua hukausha sabuni kabla hujaifuta na kuacha michirizi. Matone machache ya sabuni kwenye ndoo ya maji yanatosha, mengi zaidi ni kazi ya bure. Futa vumbi kavu kwanza, pamoja na la fremu, la sivyo utakuwa unapaka tope. Tumia mpira wa kukamua kutoka juu kwenda chini, na ufute ukingo wake kwa kitambaa kila baada ya mkondo mmoja. Siku inayofuata asubuhi mwanga utaingia chumbani kama vile dirisha limeondolewa.

Kitu ambacho sinema haiwezi kukibeba kabisa ni harufu. Udongo uliolowa, ganda la tumba linalonata, hewa ya kwanza isiyokuwa na makali ya baridi: vyote hivi havipiti kwenye skrini. Waongozaji wenye akili hutafuta kibadala, na kibadala bora mpaka sasa ni kitambaa kinachosukumwa na upepo. Katika filamu ya Jane Campion ya mwaka 2009 kuhusu miezi ya mapenzi ya John Keats na Fanny Brawne, msichana amelala kitandani, dirisha liko wazi, na pazia linainuka polepole juu yake na kushuka. Hakuna ua hata moja katika picha hiyo, lakini mtazamaji anavuta pumzi. Filamu hiyohiyo ina mshairi aliyelala juu ya kilele cha mti uliochanua, picha ambayo wengi huikumbuka zaidi. Kwangu ya pazia ndiyo kubwa, kwa sababu inamfanya mtazamaji ahisi kitu asichokiona. Ina pia chumba kilichojaa vipepeo, na baadaye tunawaona wamekufa. Campion hakutuficha bei.

Pazia la namna hiyo linawezekana popote, ila lina masharti, na wengi hufungua dirisha moja wakashangaa kwamba kitambaa hakitikisiki. Hewa haiingii penye njia moja. Inahitaji pa kutokea. Fungua mlango au dirisha la upande wa pili, hata kwa upana wa kiganja tu. Kitambaa kiwe chepesi kama shashi au melimeli, kisiwe na uzito wowote kwenye upindo, na kiishie sentimita 2 au 3 juu ya sakafu ili kisikokote. Hewa ikibadilishwa hivyo, dakika 5 hadi 10 zinatosha bila kuta kupoteza joto lake. Kuacha ufa mdogo kutwa nzima hupoza kuta na kubadilisha hewa kidogo. Anayesumbuliwa na chavua achague muda baada ya mvua tulivu, wakati hewa imesafishwa, badala ya mchana mkavu wenye upepo.

Sauti inahitaji maneno machache zaidi kuliko harufu. Filamu nyingi huweka kwaya nzima ya ndege chini ya tukio la adhuhuri, na sikio huikubali. Kwaya halisi ni ya alfajiri, huanza kama saa moja kabla ya jua kuchomoza, na huanza kwa zamu: ndege wenye macho makubwa, wanaoona vizuri kwenye mwanga hafifu, hutangulia. Upepo ukiwa umetulia sauti husafiri mbali. Chagua asubuhi isiyo na upepo, fungua dirisha, na usikilize nusu saa bila kujaribu kutaja majina. Lengo la kwanza ni kusikia sauti ya pili inapojiunga na ya kwanza. Ukirekodi, laza simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, ndani ya ukingo wa dirisha, si nje yake, kwa kuwa hata pumzi ndogo ya upepo kwenye kipaza sauti hufunika kila kitu.

Nirudi kwenye filamu, kwa sababu kuna aina ambayo wapenzi wa majira haya huiruka, nayo ndiyo ningeiweka mbele. Yasujirō Ozu alitoa mwaka 1949 filamu yenye jina la mwisho wa majira ya kuchipua. Ni nyeusi na nyeupe, hivyo asiyeweza kuishi bila rangi ya waridi ya petali atakosa alichokifuata. Binti anamtunza baba yake mjane na hataki kuolewa. Baba anajifanya ana mpango wa kuoa tena ili binti akubali kuondoka. Anaondoka. Usiku wa harusi baba amekaa peke yake akimenya tufaha, ganda linaning'inia, linaanguka, kichwa kinainama. Hapo majira ni umri wa mtu, na kuchipua maana yake kuna kinachoachwa nyuma kama ganda la tumba. Éric Rohmer, katika filamu ya mwaka 1990 iliyofungua mfululizo wake wa misimu minne, alichukua jambo jepesi zaidi: mwalimu wa falsafa ana funguo za nyumba mbili na hawezi kukaa katika yoyote, moja amemwazima ndugu yake, nyingine ni ya mpenzi wake na imevurugika. Anajikuta akilala kwa mtu aliyekutana naye jioni ileile. Hicho ndicho kile kiwewe kidogo cha majira haya, kutotulia bila sababu, na Rohmer amekionyesha kwa funguo na milango.

Filamu hizi hazistahili kutazamwa zote wikendi moja. Mtu akimeza tano mfululizo hubaki na rangi tu. Moja kwa wiki inatosha, na mpangilio uende pamoja na mti wako: wakati matumba yamefumba, tazama zile zinazoanza na baridi au chumba kilichofungwa, kama ile ya bustani iliyofichwa. Yakionyesha rangi, Rohmer. Wiki ya kuchanua, usitazame kitu, toka nje. Ozu aje petali zikiwa chini. Anza jua likikaribia kuzama, maana skrini kwenye chumba chenye mwanga wa alasiri hupoteza vivuli vyote, na filamu za namna hii hukaa kwenye vivuli. Usiwashe taa mara inapoisha. Fungua dirisha, usikilize nje kuna nini saa hiyo.

Kuhusu kukaa nje, kosa ni moja na lina maelezo ya kifizikia. Udongo huchelewa kupata joto. Hewa inaweza kuwa na nyuzi 16 huku ardhi ikiwa bado na 8 au 9, na mwili uliokaa juu yake hupoteza joto kwa kugusana, haraka kuliko unavyopoteza hewani. Shuka jembamba la kupendeza, lile la kwenye picha, halizuii kitu, na unyevu hulipenya ndani ya dakika kumi. Tandika kwanza kitu kisichopitisha maji, juu yake godoro jembamba la sponji au blanketi lililokunjwa mara tatu, ndipo shuka lije juu kama unalitaka. Nenda kati ya saa 8 mchana na saa 10 alasiri. Kilele cha joto la hewa huja saa mbili au tatu baada ya jua kufika juu kabisa. Vaa nguo tatu nyepesi badala ya moja nzito, maana wingu moja likipita utahitaji kuvaa, na likiondoka utahitaji kuvua. Dakika 40 za kukaa vizuri zina utamu kuliko saa tatu za kuvumilia.

Mwishoni mwa msimu huja maua ya kukatwa. Tulipu huendelea kurefuka baada ya kukatwa, sentimita kadhaa, na huinamia mwanga, kwa hiyo chombo kirefu kinachofika nusu ya shina huwasaidia kusimama, na kukigeuza kila asubuhi huwanyoosha. Hufunguka kwenye joto na kujifunga kwenye ubaridi. Wapeleke mahali pa baridi usiku na utawaongezea siku. Narsisi usiwachanganye nao siku ya kwanza: utelezi unaotoka kwenye mashina yao yakikatwa hudhoofisha maua mengine. Waache peke yao kwenye maji usiku mzima, mwaga maji hayo, kisha wachanganye bila kuwakata tena, kwa kuwa kila mkato mpya hufungua utelezi upya.

Na wale narsisi walio ardhini, ua likinyauka, kata kichwa tu lisipoteze nguvu kwa kutengeneza mbegu. Majani yatalegea, yatageuka manjano, yatachafua bustani, na mkono utawasha kuyafyeka au kuyafunga mafundo yapendeze. Yaache walau wiki 6, yapate jua lote. Ni katika wiki hizo ambapo majani huijaza tunguu, ile sehemu ya chini ya ardhi iliyo kama kitunguu, chakula, na ua la mwakani huanza kuundwa humo ndani. Yakikatwa mapema, mwakani hutoka majani matupu.